Doto Amekufa, Safari Hii Kweli

Mtu wa kuchekesha akifa, vijana wangu, kazi ngumu si kuchimba kaburi. Kazi ngumu ni kuwafanya watu waamini. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililipata barabarani, kati ya Kolandoto na Kahama, ndani ya Landrova yenye spika mbili juu na jeneza nyuma. Mpaka leo nikianza kulisimulia, mke wangu huniambia nikae chini, maana nasimama bila kujua kwamba nimesimama.

Nilikuwa fundi wa vipaza sauti mjini Shinyanga. Nilianza miaka ya sitini nikiwa na nywele nyingi, nikaacha miaka ya themanini nywele zilipokuwa zimeniacha mimi. Mikutano, harusi, minada ya ng'ombe, dansi za mjini, na zaidi ya yote mashindano ya ngoma baada ya mavuno, kote huko nilikwenda na nyaya zangu begani. Vyombo vilikuwa vya Bwana Nassoro, mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni. Yeye aliweka mtaji, mimi niliweka mgongo.

Ninyi mna spika zinazoingia mkobani. Sisi tulikuwa na pembe za bati. Ukizifunga juu ya gari, gari linageuka fahali mwenye hasira. Betri tulizipanga ndani ya sanduku la mbao lililojazwa pumba za mpunga, zisigongane kwenye makorongo zikamwaga tindikali. Upepo ukivuma tuliivika maikrofoni leso, la sivyo watu wanasikia dhoruba badala ya maneno. Na waya haulazwi chini penye mifugo. Hilo alinifundisha mbuzi. Mheshimiwa mmoja alikuwa katikati ya hotuba, anahimiza kilimo cha pamba, mara kimya. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Nafuata waya, nakuta mbuzi ametafuna kipande kizuri tu, ananitazama kama mgeni aliyeshiba pilau. Watu wakapiga makofi kwa kicheko. Mheshimiwa akainamisha kichwa kushukuru.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Almasi, mtu aliyezunguka na gari la sinema tangu mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Mafunzo yake mengi yalihusu betri. Moja lilihusu msiba. Aliniambia, "Saidi, usitangaze kifo kama unauza samaki. Taja jina, kisha nyamaza mpaka mama aliye jikoni aweke mwiko chini. Ndipo uendelee."

Nililikumbuka neno hilo siku alipokufa mpiga marakasi wa bendi moja ya pale mjini. Alizikwa asubuhi, jioni dansi likapigwa kama kawaida, na hakuna aliyepanda jukwaani kusema lolote. Mwimbaji angekufa, mji ungesimama. Huyu alikuwa mtu wa marakasi tu. Mimi nilikuwa pembeni nashughulika na nyaya, nikamsikia mwanamke mmoja anamuuliza mwenzake, "Mbona muziki leo unachechemea?" Hakujua kwamba anaulizia marehemu. Usiku ule nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua nimkabidhi nani. Nikajiambia kwamba spika ninazo, na kinywa ninacho. Mwingine wa namna ile hataondoka kimya mimi nikiwa mjini.

Sasa niwaeleze Doto.

Usukumani wachezaji ngoma wana pande mbili kubwa, Bagalu na Bagika. Siku ya mashindano ngoma zote mbili zinapigwa uwanja mmoja, wakati mmoja, na upande unaokimbiwa na watazamaji ndio ulioshindwa. Kila upande una manju wake, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na majina ya mamanju hao yalijulikana hata kwa watoto wa kuchunga. Doto hakuwa manju. Hakuwa hata na ngoma yake. Alikuwa mfungua uwanja. Watu wanapokuwa bado wametawanyika, huyu ananunua muwa, yule anasalimiana na shemeji yake, Doto aliingia peke yake katikati, na baada ya muda mfupi huwezi kupenya. Hapo ndipo wakubwa walipoanza ngoma zao, juu ya umati uliokusanywa na yeye. Pande zote mbili zilimtumia, na hakuna hata mmoja uliomtaja katika nyimbo zake.

Alipokuwa kijana alinyanyua kinu kwa meno. Alizunguka nacho mpaka machimboni upande wa Geita, na huko wachimbaji, watu wa mzaha mzito, wakatia mawe ndani ya kinu yeye akiwa amegeuka. Alinyanyua. Kinu kilipanda kidogo, kikashuka na meno yake mawili ya mbele, ya juu. Mwingine angelia. Doto aliinuka, akafuta damu, akawaambia, "Nimekuja Geita kutafuta dhahabu, naondoka nimewaachia pembe za ndovu."

Tangu siku hiyo kila alipotamka herufi ya *s*, mluzi ulitoka. Aliacha kinu, akaanza kuigiza watu. Alimwigiza mpima pamba anayeegemea mizani. Alimwigiza mtu mwenye baiskeli ya pancha anayejifanya ameamua kutembea kwa hiari. Lakini kazi yake kubwa, iliyowatoa watu vijiji vya mbali, ilikuwa kufa. Alianguka katikati ya uwanja, akafunikwa shuka, na watu wakaanza kumlilia kwa mzaha. Alikaa kimya chini ya shuka hata ukaanza kuwa na wasiwasi. Kisha aliketi ghafla na kuuliza, "Nani anayelia uongo hapo?" Akawanyooshea kidole mmoja mmoja na kuwaeleza machozi yao yalivyo. Niliiona mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila mara mbavu ziliniuma.

Nilimshawishi atumie maikrofoni, akakataa. "Fundi," alisema, "pembe zako zina mluzi kama mimi. Tukikutana wawili watu watakimbilia stesheni, watadhani treni imeingia." Ni kweli, zilikuwa na mluzi. Nilihangaika nazo miaka yote na sikuutoa.

Alifariki Kolandoto hospitalini, wakati wa kiangazi, ngoma zikiwa zimepamba moto. Maradhi ya kifua. Mke wake, Mama Limi, alikuwa naye mpaka mwisho. Habari zililetwa karakanani na Masalu, dereva wa Bwana Nassoro, ambaye kwa kawaida hakusema maneno mengi.

"Doto amekufa," alisema.

Nilicheka. Masalu hakucheka. Nikaweka bisibisi chini.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Nassoro. Miaka ile mafuta ya gari yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku, na watu waliyaficha chini ya kitanda. Nilimweleza kwamba marehemu ni wa Nyahanga, kule Kahama, na familia haina njia ya kumpeleka nyumbani. Bwana Nassoro aliendelea kukunja kitambaa alichokuwa anakunja, akamaliza, akasema, "Chukueni gari. Mafuta yapo. Na pembe zako ziache juu, usizifungue."

Tulifika Kolandoto asubuhi. Naingia ua wa hospitali, nani amesimama pale kwenye mlango? Doto. Amevaa koti jeusi, Biblia kwapani, ananitazama kwa macho makali. Nilishika ukuta. Masalu, mtu mzima mwenye wajukuu, alirudi ndani ya gari na kufunga mlango.

"Karibuni," alisema yule mtu. "Mimi ni Kulwa. Marehemu ni pacha wangu."

Doto ni jina la pacha wa pili. Penye Doto kuna Kulwa. Jina lenyewe lilikuwa linatuambia miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake yuko wapi. Kulwa alikuwa mwinjilisti upande wa Geita, na alihamia huko tangu ujana. Hakuwahi kuhudhuria ngoma hata moja. Kwake yeye ngoma ilikuwa njia ya kupotea, na ndugu yake alikuwa amepotea mbele ya watu.

Nilimpa pole. Kisha nikamwambia kwamba tumekuja na gari na spika.

"Spika za nini?"

"Tuwatangazie watu njiani."

"Watu gani?"

"Watu wake, Mwinjilisti."

Alihamishia Biblia kwapa la pili. Halafu alisema taratibu, kama mtu anayepima maneno, "Ndugu yangu atazikwa kwa sala. Kaburini kwake sitaki ngoma. Unanielewa, fundi?"

"Nimekuelewa. Kaburini hatugusi. Naomba barabara tu."

Mama Limi alikuwa ameketi kwenye ngazi, kanga amejifunika mpaka kichwani. Alisema bila kuinua uso, "Shemeji, mruhusu. Mume wangu hakuwahi kupita njia ile kimya."

Kulwa alitazama ardhi. "Haya. Utaje jina, mahali na siku. Basi."

Tuliondoka. Masalu kwenye usukani, Kulwa kando yake dirishani, mimi na Mama Limi nyuma pamoja na jeneza na sanduku langu la betri. Nilivuta pumzi, nikatangaza kwa heshima zote, kama alivyonifundisha Mzee Almasi. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Doto Ng'wandu, wa Nyahanga." Nikanyamaza ili miiko iwekwe chini.

Hakuna mwiko uliowekwa chini. Watu walikuwa wanapakia pamba, wakatutazama, wakaendelea kupakia. Kila kijiji kina Doto wake. Jina la Ng'wandu hakuna aliyelijua. Vijana, shikeni hili, ni kazi: msanii mdogo ana majina mawili, lile la nyumbani na lile alilopewa na watu, na ukitangaza moja bila jingine umemzika nusu. Kijiji kilichofuata nikasema, "Doto mfungua uwanja. Doto asiye na meno."

Kulwa aligeuka. "Hilo la meno ni lazima?"

"Bila meno hawamjui."

Na kweli, mara watu wakaanza kutoka. Kutoka mashambani, kutoka visimani, mama mmoja na kuni kichwani anakimbia. Nikafurahi. Kisha nikaona kwamba wanakuja wanacheka. Yule mama mwenye kuni alimwona Kulwa dirishani, akapiga paja. "Doto, leo umekodi na gari kabisa."

Kulwa alitazama mbele mpaka tukapita. Akauliza, "Wanacheka nini?"

Nikamweleza. Sikuwa na jinsi. Nikamweleza habari za shuka, za kulala kimya, za kuketi ghafla.

"Alikuwa anajifanya amekufa," alisema Kulwa.

"Ndiyo."

"Na watu walikuja kuangalia."

"Walitembea toka mbali, Mwinjilisti."

Aliifungua Biblia yake, akaisoma mpaka Tinde.

Tinde lilikuwa na gulio siku ile. Barabara imejaa mbuzi, vyungu, mashuka yaliyotandazwa, na vijana wa ngoma wa pande zote mbili, maana mashindano yalikuwa yanakaribia na walikuwa wamevaa njuga miguuni. Masalu alipunguza mwendo, akasimama. Hapakuwa na pa kupita. Nikatangaza. Nilikuwa bado sijamaliza jina, mtu mmoja akamwona Kulwa, akapiga kelele, na gulio zima likatumiminikia.

"Shuka, Doto."

"Mwacheni, bado hajafa vizuri."

Niliinua sauti, nikasema, "Ndugu zangu, nisikilizeni. Doto amekufa, safari hii kweli."

Vijana wangu, hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kuyatia kwenye spika. Ndiyo maneno hasa ambayo Doto angenipanga niyaseme. Watu waliinama kwa kicheko, wakashikana mabega wasianguke. Mama Limi aliweka mkono juu ya jeneza na kufunga macho.

Masalu alisema, "Fundi, ukiongeza neno watatubeba na gari."

Kulwa akafungua mlango. Alishuka, koti lake limefungwa vifungo vyote, akanyoosha mkono kwangu nikampa maikrofoni kupitia dirishani. "Naitwa Kulwa," alisema. "Ndugu yangu Doto amefariki dunia." Sauti ilikuwa ileile ya Doto. Tofauti moja tu ilikuwepo, yeye hakuwa na mluzi, na pembe zangu zikamwongezea mluzi. Mtu mmoja alijitupa chini mavumbini akajifanya maiti. Kulwa alisema tena, kwa ukali zaidi, na kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozidi kufanana na Doto anayejifanya amekasirika.

Nikahisi gari linayumba. Kijana wa Bagika, mrefu, njuga zinalia, alikuwa amepanda nyuma. Akaliona jeneza, akafurahi sana. "Na sanduku kaleta," aliwaambia wenzake. "Tumtoe huyu aliyejificha humu." Akashika kifuniko.

Nilijilaza juu ya jeneza kwa urefu wangu wote. Sikuwa na mpango mwingine. Nilimwambia, "Kijana, ukifungua hapa utajuta mpaka siku yako ya kufa." Alicheka. Wenzake wawili wakaweka miguu kwenye bampa. Mama Limi alimshika yule kijana mkono, na yeye bado akawa anacheka, anadhani mama naye yumo kwenye mchezo.

Hapo akapita bibi mmoja aliyekuwa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa mfupi, watu walimpisha kwa sababu ya umri wake. Alisimama mbele ya Kulwa, akamtazama kwa muda, akasema, "Fumbua kinywa."

"Unasemaje, mayu, mama yangu?"

"Fumbua kinywa nione."

Kulwa alikuwa mwinjilisti, mtu wa heshima zake, katikati ya gulio. Alitazama kushoto na kulia. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa bibi, akafumbua kinywa.

Bibi aliangalia ndani. Meno yote yalikuwepo, meupe, yamepangwa. Alipeleka kidole akayagusa yale mawili ya juu, ya mbele, kama anayehakikisha punje za mahindi. Mkono wake ukashuka ukatua kwenye kifua cha Kulwa.

"Siye," alisema. "Huyu siye. Doto amekufa."

Hakusema kwa nguvu. Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwa Kulwa, imeelekea kwake, na pembe zikaichukua sauti ile ndogo ya kizee na kuipeleka mpaka mwisho wa gulio.

Nilimsikia punda akitafuna. Yule kijana wa Bagika aliondoa mkono kwenye kifuniko kana kwamba kimemchoma. Alishuka, akakaa chini palepale nyuma ya gari, na njuga zake zikalia mara moja zikanyamaza. Kisha wanawake wakaanza kulia, kwanza wachache karibu na bibi, kisha kilio kikaenda kikipokelewa mpaka kule kwenye vyungu. Mtu aliyejitupa mavumbini alibaki amelala, amefunika uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kulwa alisimama katikati yao. Sidhani alikuwa amewahi kuona watu wengi hivyo wakimlilia mtu. Manju mmoja wa Bagalu, mtu mkubwa ambaye jina lake liliimbwa kila mahali, alimkaribia akiwa amevua kofia.

"Mtazika wapi, baba?"

"Nyahanga. Kesho asubuhi."

"Tutafika," alisema manju. Mzee wa Bagika aliyekuwa jirani yake akasema, "Na sisi." Nilikuwa sijawahi kuwaona watu wa pande hizo mbili wakikubaliana hata juu ya mahali pa kuegesha baiskeli.

Kuanzia hapo, wanangu, safari ilibadilika. Kulwa alikuwa ameshajifunza kazi. Kufika Isaka, gari likisimama, alishuka, akafumbua kinywa kwanza wote waone, kisha ndipo akataja jina. Hakuna aliyemwambia. Masalu alimtazama kwenye kioo akaniambia, "Huyu naye angekuwa fundi." Watu walitupa maua ya porini juu ya gari, wengine walikimbia kando yetu mpaka pumzi zikaisha. Kagongwa tulikuta wametusubiri, habari zilitutangulia sijui kwa njia gani, maana simu hakuna na sisi ndio tuliokuwa na gari. Mimi sauti ilikauka. Kulwa akaendelea peke yake.

Katikati ya kijiji na kijiji aliniuliza maswali. Alianza na dogo: mpima pamba alimwigiza vipi? Nikamwonyesha kwa kadiri ya uwezo wangu, nimekaa juu ya sanduku la betri. Akauliza meno yalitokaje. Nyumbani waliambiwa ameanguka kwenye baiskeli. Nikamweleza habari za kinu na mawe, na lile neno la dhahabu na pembe za ndovu. Kulwa aligeukia dirishani haraka. Niliona shingo yake inatetemeka, na sikujua kama anacheka au analia. Mama Limi alijua. "Cheka tu, shemeji," alimwambia. "Mimi nimecheka naye miaka yote."

Asubuhi ya mazishi Nyahanga haikutosha. Walikuja kwa malori ya pamba, kwa baiskeli, kwa miguu. Mabwana wa dukani kutoka Kahama mjini walikuja na kofia zao za kiua, wakasimama pamoja na wachungaji wa ng'ombe. Wachimbaji walikuja, wengine wazee sasa, na mmoja wao aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mawe ya kwenye kinu aliyatia yeye. Bagalu walikaa upande mmoja wa ua, Bagika upande wa pili, ngoma zao zimelazwa kifudifudi mavumbini. Hakuna aliyezigusa. Kulwa aliongoza sala. Alimzika ndugu yake kwa maneno ya kanisa lake, mwanzo hadi mwisho, na hata kikohozi hakikusikika.

Sala zikaisha, udongo ukasawazishwa, na watu hawakuondoka. Walikaa. Kulwa alinijia.

"Wanangoja nini?"

"Ruhusa yako. Ukiwaambia waende, watakwenda."

"Nilisema kaburini hapana."

"Ulisema, na wametii."

Alitazama ngoma zile zilizolala. Alitazama upande wa chini wa nyumba, penye uwanja wa kupuria mtama, mpana, umefagiwa. Akasema, "Pale si kaburini." Akaanza kutembea kuelekea huko. Alipofika katikati aligeuka, na hakuhitaji maikrofoni. "Ninyi mlimwona miaka yote," alisema. "Mimi sijamwona hata siku moja. Nionyesheni."

Mama Limi alitoka jikoni na kigoda, akakiweka ukingoni mwa uwanja. Kulwa akaketi, Biblia magotini. Na wao wakainua ngoma, wakafungua uwanja.

Sijui niwaelezeje. Wachezaji waliozoea kufuatwa na maelfu walisimama pale kumchezea mtu mmoja. Manju wa Bagalu, pamoja na ukubwa wake, aliegemea mizani isiyokuwepo na kupima pamba. Mzee wa Bagika akasukuma baiskeli ya pancha, akijifanya ameamua kutembea kwa hiari. Kila mmoja alikuwa na kipande cha Doto alichokihifadhi bila kujijua. Mwisho ikabaki kazi ile kubwa, na watu wakatazamana. Aliyejitokeza ni yule kijana mrefu wa Tinde. Alisimama mbele ya Kulwa, hakuthubutu.

"Endelea," alisema Kulwa.

Kijana alianguka. Wakamfunika shuka. Ngoma zikashuka zikawa za chini, na safari hii hakuna aliyelia kwa mzaha. Akaketi ghafla, akauliza, "Nani anayelia uongo hapo?" Akanyoosha kidole, akakizungusha uwanja mzima, uso kwa uso, na hakupata mwongo wa kumnyooshea. Akabaki ameketi, kidole hewani, hajui afanye nini na mchezo umemgeuka.

Kulwa akacheka. Kilikuwa kicheko cha Doto, toka tumboni, kichwa nyuma. Ngoma zilikatika zote kwa pamoja. Hebu wafikirieni wale watu: uso ule ulikuwa umewachekesha wao maisha yao yote, na leo umeketi kwenye kigoda, wao ndio wanauchekesha, na unacheka. Manju aliacha mikono ikining'inia. Wapigaji walikaa na vijiti vyao hewani, machozi yanawatoka, hawawezi kuendelea.

Mama Limi aliketi chini kando ya kigoda, akanyoosha miguu, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nani amewaambia mpumzike?" aliwauliza. "Mtu wetu bado anaangalia."